Maktaba ya zana kwenye CAM (programu ya kuandaa njia za kukata): uandike kipenyo cha kwenye boksi au kile ulichopima mwenyewe?

#1 Rauta_Nyakato
Wadau, mwangaluka. Nina rauta ya CNC ya mbao hapa Nyakato, meza milimita 1300 kwa 2500, spindo (mota inayozungusha biti) ya kilowati 2.2, koleti (vishikio vya biti) za ER20. Vipimo vyangu vyote ni milimita. Kazi zangu ni milango na fremu, mninga kwa wingi, MDF kidogo. Miaka yote nilikuwa naingiza biti upya kila kazi: kipenyo, meno, mwendo, mizunguko. Kazi ikiisha nafunga faili, kesho naanza tena. Mwezi huu nikaamua kujenga maktaba ya zana ya kudumu kwenye Fusion, programu yangu ya CAM, biti 14, kila moja na namba yake.

Kazi ya kwanza na maktaba mpya ilikuwa matundu ya ndimi (vichwa vya mbao vinavyochomekwa kuunga fremu) kwenye fremu 12. Tundu nimelichora 20.00. Ndimi nimezipasua kwa msumeno wa meza, 19.9, kipimo changu cha siku zote. Matundu yote yametoka 20.3. Ulimi unaingia kwa kusukuma na kidole kimoja, ukigeuza fremu unachomoka wenyewe. Mteja wa milango hii anasubiri.

Biti ni T3, yaani zana namba 3, ya 6, meno matatu, kabaidi. Kwenye maktaba nimeandika 6.000 kama boksi linavyosema. Naomba mnisaidie mambo mawili: hiyo 0.3 imetoka wapi, na kwenye maktaba ninyi mnaandika kipenyo kipi, cha boksi au mlichopima?

#2 Mzee_Kabaidi
Pima shina la biti kwanza. Biti nyingi zinazouzwa kama "ya 6" ni za robo inchi, yaani 6.35. Programu ikidhani ni 6, kila ukuta wa tundu unaliwa 0.175 zaidi, kuta mbili ni 0.35. Wewe umepata 0.3. Iko karibu mno kuiacha bila kuangalia. Nilishapoteza ubao mzima wa mkongo kwa kosa hilohilo.

#3 Rauta_Nyakato
Asante mzee. Shina nimepima sasa hivi, ni 6.0 safi. Meno nimepima kwa vernia inanipa 5.7, nikizungusha kidogo 5.6. Sasa ndio nimechanganyikiwa kabisa: biti ndogo inatoa tundu kubwa?

#4 Mkerezaji_Mabatini
Hiyo 5.7 ifute. Biti ya meno matatu haipimiki kwa vernia, kwa sababu jino haliangaliani na jino. Taya moja linagusa jino, la pili linatua mahali penye bonde kati ya meno mawili. Utapata namba ndogo kuliko ukweli kila mara. Meno mawili au manne sawa, unapima. Matatu unakata mfuo kwenye ubao kwa pasi moja, yaani biti ipite mara moja tu, halafu unapima mfuo.

#5 Fundi_Sangara
Kabla hajakata mfuo, Rauta_Nyakato, koleti uliyotumia ni ya ngapi?

#6 Rauta_Nyakato
Ya 7. Inabana biti za 6 na za 6.35 zote, ndiyo maana naipenda, sibadilishi.

#7 Fundi_Sangara
Basi mimi nimeshapata mgonjwa wangu. Koleti ya ER20 ya 7 inabana kuanzia 7 kushuka hadi 6. Wewe uko mwisho kabisa wa uwezo wake. Ikibana kule chini, vidole vya koleti vinashika shina kwa ncha, si kwa urefu wote, na biti inayumba. Ikiyumba 0.1 kwenye saa ya kupimia, mfuo unaongezeka 0.1. Nenda kanunue koleti ya 6 na ya 6.35, kila shina na nyumba yake.

Mimi nafanya vipuri vya plastiki vya mashine za kuchakata samaki, kule mteja anakataa kipuri kwa 0.1. Koleti ndiyo kitu cha kwanza naangalia, kabla ya kompyuta.

#8 Musoma_Seremala
Salaam. Wote mnakimbilia chuma, hakuna aliyeuliza mti. Huo mninga ulikuwa mkavu? Tunaishi kando ya ziwa, ubao ukilala karakana iliyo wazi mwezi wa masika unanywa unyevu, ukiingia ndani unaukausha unasinyaa. Nimeshapima tundu jioni na kulipima asubuhi nikapata namba mbili. Na ndimi zako ulizipasua siku ileile au wiki iliyopita?

#9 Mzee_Kabaidi
Musoma_Seremala, hoja ya unyevu naiheshimu, lakini mbao inacheza kwa upana wake, siyo kwa urefu wa nyuzi. Rauta_Nyakato atupimie tundu pande zote mbili. Kama 0.3 iko upande mmoja tu, mti una kesi. Kama iko pande zote, mti tuuachie.

#10 Rauta_Nyakato
Nimepima matundu matano. Upande wa upana wa mbao 20.3, upande wa nyuzi, ambako nilichora 60, ni 60.3 kwenye manne na 60.25 kwenye moja. Ndimi zilipasuliwa siku mbili kabla.

#11 Musoma_Seremala
Sawa, mti umepungua kesi ila haujaachiwa. Siku mbili si ndogo kwa ulimi.

#12 Mama_Mvule
Wanangu poleni na kazi. Nachangia kuhusu maktaba yenyewe, maana yaliyonikuta mimi yalitoka kwenye maktaba moja kwa moja.

Nachonga majina na namba kwenye mbao za mitumbwi, wateja wangu wengi wako Kirumba. Nilianza na programu ya VCarve. Biti yangu ya V ni ya digrii 60, nikaandika 60, herufi zikatoka vizuri miaka yote. Mwaka jana kijana wangu akanishawishi tuhamie Fusion, nikakaa naye usiku tukahamisha biti moja moja. Kwenye V nikaandika 60 kama nilivyozoea. Asubuhi nikaweka ubao wa mvule wa mteja, jina refu la mtumbwi. Herufi ambazo zilipaswa kuwa na upana wa milimita 10 zikatoka 3 na kidogo. Jina lote likawa kama limekwaruzwa na kucha. Ubao nilikuwa nimeshaulegeza ili niuangalie vizuri, sifuri (mahali mashine inapoanzia kuhesabu) ikapotea, kurudia juu yake ikawa haiwezekani. Mvule siku hizi mnajua unavyopatikana.

#13 Binti_Kodi
Shikamoo mama. Pole sana, na ahsante kwa kuliandika, maana hilo halionekani mpaka limeshatokea. VCarve inauliza pembe nzima ya V, ukuta hadi ukuta. Fusion inauliza pembe kutoka mhimili wa biti hadi ukuta, yaani nusu. Ulipoandika 60 ilielewa biti ya 120. Kwa upana wa 10 biti ya 120 inashuka 2.89 tu, wakati ya 60 ilitakiwa kushuka 8.66. Biti yako ya 60 ikishuka 2.89 inaacha mfuo wa 3.3. Ndiyo hizo "3 na kidogo" zako.

Kwa hiyo yeyote anayehamisha maktaba kutoka programu moja kwenda nyingine asiamini namba kwa sababu jina la kisanduku linafanana. Aangalie mchoro mdogo wa biti pembeni, mshale wa pembe unaanzia wapi.

#14 Mama_Mvule
Marahaba mwanangu. Laiti ningekuwa na wewe usiku ule. 8.66 nimeiandika ukutani.

#15 Mkerezaji_Mabatini
Nirudi kwenye swali la pili la #1, maana ndilo lenye uzito. Mimi nasema: maktaba ibaki na kipenyo cha jina. 6 ni 6. Nimefanya kazi kwenye mashine za chuma zenye kontrola (kompyuta inayoongoza mashine) ya Fanuc, na kule biti iliyochakaa au iliyonolewa hatuigusi kwenye programu. Mashine ina jedwali lake, D kwa kipenyo, H kwa urefu. Biti imepungua 0.05, opereta anairekebisha kwenye D, anaendelea. Faili halibadiliki. Ukianza kuandika 5.93 na 6.04 kwenye maktaba, kila biti mpya inataka utoe upya njia zote za kukata, na mwezi ukiisha hujui tena ipi ni ipi.

Lakini hilo jedwali nalo linataka nidhamu. Namba ya T, H na D ziwe moja. T7, H7, D7, bila kubadilishana. Kiwanda kimoja nilichopita, mtu wa zamu aliandika T7 akaacha H6 kutoka kazi ya jana. Biti ya saba ilikuwa ndefu kuliko ya sita kwa zaidi ya sentimita 4. Ilishuka kwa mwendo wa kasi moja kwa moja kwenye jiliwa. Nilikuwa nimesimama mita mbili. Sauti ile sijaisahau.

#16 Kijana_Nansio
Kaka Mkerezaji, unayosema ni kweli kwa Fanuc. Sisi huku Ukerewe tuna bodi za GRBL, programu ya bure ya kuongoza mashine, na GRBL haina G41 wala G42, zile amri za fidia ya kipenyo. Hakuna jedwali la D. Fidia ya kipenyo yote inafanyika kwenye programu kabla faili halijatoka. Nikiandika 6 wakati biti inakata 6.1, hakuna mtu mwingine njiani wa kurekebisha. Kwangu maktaba lazima iseme ukweli uliopimwa.

Natumia FreeCAD, toka ile 1.0 ya Novemba 2024 ambapo sehemu ya Path ilibadilishwa jina ikawa CAM. Kila biti ni faili lake dogo, naandika kipenyo nilichopima kwa mfuo. Jina la biti nalo nalitungia hivyohivyo: "6 bapa meno2 pima 6.07".

#17 Mkerezaji_Mabatini
Kijana_Nansio, hapo nakuelewa, mashine bila D ni habari nyingine. Ila bado sikubali uandike ugonjwa wa koleti kama kipenyo cha biti. Hiyo 6.07 yako, ni biti kweli au ni biti pamoja na kuyumba? Ukiifungua na kuifunga tena inaweza kuwa 6.12. Umepima hali ya siku moja, umeiweka kwenye kitabu cha kudumu.

#18 Kijana_Nansio
Napima kila nikibadilisha. Kipande cha MDF, mfuo wa sentimita 10, dakika mbili. Mbao haijali 6.07 imetoka kwa nani, inajali mfuo una upana gani.

#19 Fundi_Sangara
Hapa nawaunga mkono wote wawili kwa nusu. Koleti nzuri kwanza, ndipo upime.

#20 Binti_Kodi
Rauta_Nyakato, nina uwezekano mwingine hakuna aliyeutaja. Fusion ukichukua biti kutoka maktaba kuiweka kwenye kazi, inanakiliwa ndani ya faili la kazi. Kuanzia hapo ni biti mbili tofauti. Ukirekebisha kwenye maktaba, ile ya ndani ya faili haibadiliki. Fremu hizi ulichora faili jipya au ulifungua la zamani na kubadilisha vipimo? Kama ni la zamani, inawezekana ndani yake kuna biti ya zamani yenye kipenyo kingine kabisa, na maktaba yako mpya haijawahi kutumika.

#21 Rauta_Nyakato
Dada, nilifungua la zamani. La milango ya mwaka jana, nikabadilisha vipimo. Ngoja niangalie.

#22 Rauta_Nyakato
Nimeangalia. Ndani ya faili T3 imeandikwa 5.9. Sijui niliandika lini, nadhani ni ile biti niliyoinoa kwa jamaa mmoja mwaka jana. Programu ilidhani biti ni 5.9 wakati ni 6, kwa hiyo hapo 0.1 nimeiona imetoka wapi. Bado 0.2 iko porini.

#23 Mzee_Kabaidi
Uchunguzi unakwenda vizuri. Dada Binti_Kodi kateka 0.1, Fundi_Sangara anagombea iliyobaki, Musoma bado yuko nje ya mahakama na ubao wake.

#24 Musoma_Seremala
Niko mlangoni mzee, sijaondoka.

#25 Mama_Mvule
Kuhusu kunoa, mimi nina desturi. Biti ikitoka kunolewa haipati tena namba yake ya zamani. Napaka rangi ya kucha nyekundu kwenye shina, inapata namba mpya kuanzia 50, na kwenye maktaba ile ya zamani nafuta. T3 mpya na T3 iliyonolewa zisilale kwenye droo moja. Biti zangu ziko kwenye ubao wenye matundu, kila tundu lina namba iliyochongwa, na namba ya tundu ndiyo namba ya maktaba. Mtu akija kunisaidia hahitaji kuniuliza.

#26 Musoma_Seremala
Mimi namba nazipanga kwa aina: 1 hadi 19 bapa, 20 hadi 29 mviringo, 30 hadi 39 za V, 40 kuendelea za kutobolea. Biti mbili za 6 zinazofanana zina namba moja.

#27 Mkerezaji_Mabatini
Mbili zenye namba moja hapana, ndugu yangu. Moja ikivunjika katikati ya kazi ukaweka ya pili, urefu unabadilika, upana unabadilika, na kwenye karatasi ni "ileile". Fuata ya mama.

#28 Musoma_Seremala
Baada ya kubadilisha nagusa upya sifuri ya Z, kwa hiyo urefu haunisumbui. Na nina biti nne za 6, nikizipa namba nne lazima nitoe faili kila nikishika nyingine. Kwangu haiendi.

#29 Fundi_Sangara
Kisanduku kingine kinachopuuzwa ni idadi ya meno. Wengi wanajaza kipenyo wanaacha meno kama yalivyokuja. Programu inazidisha: mizunguko mara meno mara kipande cha kila jino. 18,000 mara meno 3 mara 0.1 ni mwendo wa 5,400 kwa dakika. Ukiweka biti ya jino moja huku maktaba inasema matatu, mwendo ni uleule 5,400, lile jino moja linabeba 0.3 badala ya 0.1.

Nilikuwa nakata sahani za HDPE, aina ya plastiki, unene wa 15, biti ya 4 ya jino moja. Haikupiga kelele. Niliona kamba nyeupe za plastiki zimegeuka kuwa vipande vinene kama kucha, halafu spindo ikaendelea kutembea bila kitu chini yake. Biti ilikatika juu ya meno, kipande kimebaki ndani ya plastiki kimesimama wima. Nikarudi kwenye maktaba: meno 3.

Na chuma cha pua msijaribu kwa rauta hizi kwa kuandika tu namba kwenye maktaba. Kabaidi kwenye chuma cha pua cha 304 nakwenda mita 70 kwa dakika hivi, hiyo ni kasi ya ncha ya jino. Kwa biti ya 6 hiyo ni mizunguko 3,700. Spindo yangu sishushi chini ya 8,000, na kwa 8,000 tayari uko mita 150. Meno yanaungua kabla hujafika kona ya kwanza.

#30 Kijana_Nansio
#29 naomba iwekwe juu kabisa ya uzi. Aluminiamu je, ya 6, jino moja?

#31 Fundi_Sangara
18,000, mwendo 900, hiyo ni 0.05 kwa jino, kina 0.5 hadi 1 kulingana na ugumu wa mashine yako. Pulizia hewa muda wote, chembe zisikatwe mara mbili. Hizo ni zangu kwa mashine yangu. Zako anza chini ya hapo.

#32 Mzee_Kabaidi
Nje ya mada kidogo, Rauta_Nyakato mninga wako unatoa wapi? Wa karibuni naletewa umejaa nyufa.

#33 Rauta_Nyakato
Tabora mzee, nachagua mwenyewe nikienda. Fremu zenyewe zinakwenda upande wa Sengerema, nashukuru daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025. Zamani mzigo wa milango unausubirisha kivuko na jua linaupiga juu ya gari, sasa zile kilomita 3 unapita dakika chache mzigo haujapinda.

#34 Musoma_Seremala
Umesema mwenyewe: jua linapinda mlango. Halafu mnaniambia mti hauna kesi.

#35 Kijana_Nansio
Nirudishe kwenye maktaba. Jazeni pia urefu wa meno na umbo la koleti pamoja na nati yake. Watu wanaviruka kwa sababu havibadilishi mwendo. Nilikata kiti cha injini ya mtumbwi, mbao ya unene wa 45. Biti ina meno ya urefu wa 22, nilikuwa nimeitoa nje 38. Kwenye maktaba nilikuwa nimeandika kipenyo tu. Kompyuta haikunionya chochote. Pasi zilipofika 24 shina likaanza kusugua ukuta, moshi mweusi na harufu kama mkaa wa kupigia pasi. Kufika 38 nati ya koleti ikagusa uso wa mbao na kuchora duara jeusi. Ningekuwa nimeandika 22 na 38, ningeona kabla sijawasha mashine kwamba hazifiki 45.

#36 Binti_Kodi
Kabisa. Na mfanye nakala ya maktaba yenyewe. Mimi naihifadhi kwenye wingu, na kila Ijumaa naitoa faili moja naweka kwenye flashi. Umeme ukikatika au bando likiisha maktaba ya wingu haifunguki upesi, na mteja amesimama mlangoni. Jambo jingine kwa wanaotumia leseni ya bure ya Fusion, ile isiyo ya biashara: tangu 2020 haitoi faili moja lenye kubadilisha zana katikati. Unatoa faili moja kwa kila biti. Hapo namba kwenye jina la faili ziendane na namba za maktaba, la sivyo utachomeka faili la T5 na T3 iko kwenye spindo.

#37 Rauta_Nyakato
Mrejesho wadau. Koleti ya 6 imefika kwa basi kutoka Dar, nimeipata juzi. Nimefanya kama mlivyosema, MDF, pasi moja, biti ileile T3.

Koleti ya 7: mfuo 6.19.
Koleti ya 6: mfuo 6.08.

Kisha nikarekebisha ile 5.9 ndani ya faili kuwa 6.000, koleti ya 6, nikakata tundu la 20 kwenye kipande cha mninga. Limetoka 20.15.

#38 Fundi_Sangara
0.11 ni ya koleti. Nimesema.

#39 Binti_Kodi
Na 0.1 ni ya faili la zamani. Mfuo unasema 6.08, tundu lilitakiwa kuwa 20.08. Bado 0.07 haina mwenyewe.

#40 Mzee_Kabaidi
Angalia hatua za mota kwa milimita. Kama mhimili unatembea zaidi kidogo ya unavyoamrishwa, kila kitu kinakuwa kikubwa.

#41 Mkerezaji_Mabatini
Mzee, kwa heshima, hapana. Kwenye tundu la 20 biti ya 6 inasafiri 14 tu. 0.07 kwenye 14 ni nusu ya asilimia. Mlango wake wa 2400 ungetoka na kosa la milimita 12, angeshaliona siku ya kwanza. Mimi naona ni mwelekeo wa kukata. Rauta_Nyakato, biti yako inafuata kuta za tundu kwa mwelekeo wa saa au kinyume chake? Kwa mwelekeo wa saa inavutwa kuingia ukutani, tundu linapanuka. Kinyume chake inasukumwa kutoka ukutani. Mninga mgumu na biti ya 6 iliyotoka nje ndefu, 0.03 kila upande ni kitu kidogo.

#42 Mzee_Kabaidi
Hesabu yako naikubali. Basi kaza na mikanda, au kama ni skurubu angalia ulegevu wa nati zake.

#43 Musoma_Seremala
MDF ilitoa 6.08, mninga umetoa 0.07 zaidi. Kilichobadilika ni nini kati ya vipimo hivyo viwili? Mti. Namalizia hapo.

#44 Kijana_Nansio
Kilichobadilika ni pia kwamba mfuo ni pasi moja na tundu ni pasi nyingi zinazopita ukuta uleule. Kila pasi inakwangua kidogo kilichobaki.

#45 Rauta_Nyakato
Inakata kwa mwelekeo wa saa, nimeangalia. Jumamosi nitakata matundu manne kwenye ubao mmoja wa mninga, mawili kwa kila mwelekeo, na mawili mengine kwenye MDF, nilete namba zote hapa.

Kwenye maktaba kwa sasa T3 nimeandika 6.08 kwa sababu kontrola yangu ni ile ya mkononi ya kuchomeka flashi, haina jedwali la D. Ila jina lake nimeandika "6 boksi, pima 6.08, koleti 6", ili namba zote mbili zionekane. Kaka Mkerezaji najua hukubali.

#46 Mkerezaji_Mabatini
Sikubali, lakini ukiandika na tarehe nitalala vizuri.

#47 Mama_Mvule
Na zile fremu 12 mwanangu? Mteja bado anasubiri?

#48 Rauta_Nyakato
Fremu 8 zimekwisha mama. Nimebandika vinia (ubao mwembamba sana) ya mninga kwenye shavu moja la ulimi, nikasugua kwa msasa hadi ulimi ukaingia kwa kugongwa na nyundo ya mbao. Nne ziko kwenye klempu hivi sasa, gundi inakauka.